Ukijenga Ukuta Mtoni, Acha Ufa

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili akutajie faida za mabwawa ya Mto Tana, naye atakuhesabia kwa vidole bila kusita: umeme, maji ya kunyunyizia mashamba, kupunguza makali ya mafuriko, uvuvi wa mabwawani na utalii. Aliye hodari zaidi atakuongezea na miaka: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Majibu hayo ni sahihi, na mtahini hana budi kuyapa alama zote. Mimi mwenyewe niliyafundisha kwa miaka mingi, chaki mkononi, nikajiona nimetimiza wajibu. Lakini sikumbuki hata siku moja niliyosimama mbele ya darasa nikauliza: je, samaki waliokuwa wakipita mahali pale kabla ya ukuta kusimamishwa walikwenda wapi? Sikuuliza kwa sababu mimi pia sikuwahi kuulizwa.

Leo nimeazimia kuliuliza swali hilo hadharani, kwa walimu wenzangu na wanafunzi, na kwa wale wanaochora ramani za mabwawa, mifereji na barabara za nchi hii. Wala nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mabwawa ni laana, wala siwaiti wahandisi wetu waharibifu. Makala haya yameandikwa chini ya taa ya umeme, na maji ya Tana yana sehemu yake katika umeme wa nchi hii. Ninalosema ni kwamba mto si pipa la kuwekea maji. Mto ni njia, na mtu anayejenga ukuta kati ya njia inayotumiwa na wengine ana wajibu wa kuacha mlango. Sisi tumejenga kuta nyingi, na milango tumeisahau.

Tuanze na maisha ya samaki wenyewe. Aghalabu sisi humfikiria samaki kama kiumbe anayekaa mahali pamoja, mithili ya kuku uani. Kumbe samaki wengi wa maji baridi ni wasafiri. Anapotaga mayai sipo anapokulia, na anapokulia sipo anapojificha kiangazi kinapokausha vijito. Mayai huhitaji maji yanayopita kwa kasi juu ya changarawe, au nyasi zilizofunikwa na mafuriko, kulingana na aina ya samaki. Vifaranga huhitaji maji tulivu yenye chakula kingi na maadui wachache. Samaki mzima huhitaji kina na nafasi. Ni nadra mambo hayo yote kupatikana katika kipande kimoja cha mto. Ndiyo sababu mvua inapoanza, maji yakapanda na kugeuka rangi ya udongo, samaki huipata ishara hiyo na kufunga safari. Anayemzuia njiani amemzuia kuzaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mkunga. Simsemi mkunga anayewazalisha akina mama, bali yule samaki mrefu anayefanana na nyoka, ambaye wakazi wa kandokando ya Tana na Athi wamemjua tangu jadi. Mkunga wa mito yetu huzaliwa baharini, mbali katika Bahari Hindi. Akiwa bado mdogo, mwembamba kama jani, hubebwa na mikondo ya bahari mpaka karibu na pwani. Hapo hugeuka akawa mwangavu kama kioo, akaingia katika mlango wa mto na kuanza kupanda. Hupanda kilomita kwa kilomita, na akikutana na maporomoko huyavuka kwa kujiburura juu ya miamba yenye unyevu. Huko bara huishi miaka mingi, akikua na kunenepa. Kisha siku moja mto ukiwa umefurika, mwili wake hubadilika, naye hugeuza kichwa na kuteremka hadi baharini alikotoka. Huzaa mara moja tu, kisha hufa.

Sasa hebu tumfuate mkunga huyo katika Tana ya leo. Anapopanda kutoka baharini, ukuta wa kwanza katika ile safu ya matano ni Kiambere. Akibahatika kuupita, anamkuta Kindaruma; nyuma ya Kindaruma yupo Gitaru, nyuma ya Gitaru yupo Kamburu, na juu kabisa amekaa Masinga. Mkunga mchanga anaweza kupanda mwamba wenye ukungu wa maji, lakini ukuta mkavu wa saruji, wenye kimo cha jumba la ghorofa nyingi, si mwamba. Na wale waliokuwa tayari juu ya mto siku malango yalipofungwa? Walipotaka kurudi baharini, njia waliyoikuta ilipitia kwenye mitambo yenye mapanga ya chuma yanayozunguka kwa kasi. Samaki mdogo huenda akapenya salama. Mkunga mzima, kwa urefu wa mwili wake, ndiye aliye hatarini zaidi kukatwa.

Mto Athi, ambao karibu na bahari huitwa Galana na hatimaye Sabaki, haukuwa na bwawa kubwa la kulingana na hayo ya Tana hadi karne hii. Mwaka wa 2018 ujenzi wa bwawa la Thwake ulianza katika Kaunti ya Makueni, karibu na makutano ya mito ya Thwake na Athi. Nani asiyejua kiu ya Ukambani? Mama anayeamka alfajiri na punda wake kutafuta maji mchangani hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya mkunga. Hata hivyo, mwananchi anayo haki ya kuuliza, kabla ya saruji kukauka na si baada yake: katika michoro ya kazi kubwa kama hii, kiumbe anayepanda kutoka baharini ametengewa njia gani? Swali hilo halimnyang'anyi mama yule hata mtungi mmoja wa maji.

Tukiuacha upande wa mashariki tukaelekea Ziwa Victoria, tutamkuta msafiri mwingine. Huyu huitwa ningu. Yeye haendi baharini. Bahari yake ni ziwa. Hukulia ziwani, na mvua zinaponyesha huingia katika mito kama Nzoia, Yala, Nyando na Sondu, akapanda kwenda kutaga mayai katika nyasi na vijito vilivyofurika. Mwenzake katika safari hiyo ni fwani, naye ni samaki wa mito na ziwa. Kabla ya mbuta kuletwa na kuutawala uvuvi, ningu alikuwa miongoni mwa samaki waliotegemewa sana katika Ghuba ya Winam na katika mito inayoingia humo. Wazee wa kandokando ya Nzoia waliujua msimu wake jinsi mkulima anavyoujua msimu wa kupanda mahindi.

Ningu alipungua vibaya katikati ya karne iliyopita, na hapa inatupasa kusema ukweli: hakuangamizwa na mabwawa. Aliangamizwa na nyavu za kunasia zilizotandazwa kwenye milango ya mito wakati ule ule alipokuwa akipanda, tumbo limejaa mayai. Nimeutaja mkasa huo kwa makusudi. Wavu uliofunga mlango wa mto ni ukuta pia, hata kama unaweza kukunjwa na kubebwa begani. Samaki anayesafiri ana udhaifu mmoja mkubwa: hupita mahali pembamba kwa wakati unaojulikana. Akizibiwa hapo kwa misimu michache, kizazi kizima hakizaliwi, na ziwa lote hubaki likishangaa samaki wamekwenda wapi.

Kuna jambo jingine la kujifunza kutoka kwa wazee hao. Wao pia walijenga vizuizi. Walisimika uzio wa fito na matete kukatiza mto, wakaacha nafasi, na katika nafasi hizo wakatega migono. Walivua, tena walivua vizuri. Lakini uzio wa matete haushindani na mto. Gharika ikija, uzio husombwa, na samaki hupita wakaenda zao mpaka mwenye uzio atakapoujenga tena. Teknolojia ile ilikuwa na mlango ndani yake hata kama mjenzi hakuukusudia. Saruji haina huruma hiyo. Saruji hukaa miaka 50, miaka 100, msimu baada ya msimu, bila kusahau hata siku moja kufunga.

Si lazima ukuta uonekane ndipo uwe ukuta. Katika Mto Sondu kipo kituo cha umeme cha Sondu-Miriu chenye uwezo wa megawati 60, kilichokamilika mwaka wa 2008, na maji yake yakishatumika huzungusha tena mitambo ya Sang'oro, megawati 21, iliyokamilika mwaka wa 2012. Kwa uhandisi, ni kazi ya kusifiwa: maji huchepushwa, yakapitishwa ndani ya handaki, kisha yakarudishwa mtoni huko chini bila kulizamisha bonde zima kwa bwawa kubwa. Lakini kipande cha mto kilichobaki katikati, kati ya mahali maji yanapochotwa na mahali yanaporejeshwa, hupungukiwa na maji, hasa wakati wa kiangazi. Kwa samaki anayetaka kupita, mawe makavu na ukuta ni kitu kimoja. Kwa hiyo tunapopima kizuizi, tusipime kimo cha saruji tu, tupime pia kina cha maji yaliyoachwa.

Msomaji anaweza kuuliza: ukuta ukiukata mto vipande viwili, si kila kipande kitabaki na samaki wake? Kwa miaka ya mwanzo, ndiyo, na hapo ndipo tunapodanganyika. Chukua mfano wa kijiji kilichokatwa na barabara zote. Watu hawafi siku hiyo. Lakini vijana wataoana wao kwa wao hata damu iwe moja. Na maradhi au njaa ikiingia, hakuna jamaa wa kutoka ng'ambo atakayekuja kujaza nyumba zilizobaki tupu. Ndivyo ilivyo kwa samaki waliofungiwa katika kipande kifupi cha mto. Idadi yao ikiwa ndogo, huzaliana wenyewe kwa wenyewe na kudhoofika. Kiangazi kikali kikikausha kijito, au sumu ya shambani ikimwagika humo, samaki wa hapo hufa wote. Zamani wenzao wangepanda kutoka chini mvua ikinyesha, wakakijaza tena kijito. Leo wanafika ukutani wanarudi. Hivyo samaki hutoweka kijito kimoja baada ya kingine, kimyakimya, wala hakuna gazeti linalotangaza matanga yao.

Fauka ya hayo, ukuta hubadilisha maji yenyewe. Nyuma yake, mto uliokuwa ukikimbia hugeuka ziwa lililotulia. Udongo hutua chini, na changarawe za kutagia mayai huzikwa. Samaki waliozoea mkondo huwapisha wale wapendao maji tulivu. Ni kweli kwamba Masinga ina wavuvi wake, na kitoweo chao ni halali na muhimu. Lakini samaki wa bwawa si wale wale wa mto, na wingi wa aina moja haufidii kupotea kwa aina nyingine. Mbele ya ukuta nako, maji hutolewa kwa kufuata saa za mahitaji ya umeme na si kwa kufuata mvua, ikawa ishara ile ya kufunga safari haimfikii samaki, au humfikia usiku wa manane wakati usiofaa.

Na madhara hayo hayaishii karibu na bwawa. Huko chini kabisa, katika delta ya Tana, mto ulikuwa na desturi ya kufurika mara mbili kwa mwaka. Maji yakitoka kingoni huingia mabondeni na katika maziwa madogo yaliyoachwa na mikondo ya zamani ya mto, kama vile Shakababo. Humo kambale na wenzake huzaliana, na Wapokomo wamevua humo kwa vizazi na vizazi, huku wakipanda mpunga kwenye udongo ulioachwa na mafuriko. Gharika ikipunguzwa makali kule juu, tunashangilia kwamba nyumba zimeokoka, na ni haki kushangilia. Lakini ziwa dogo lisilofikiwa na maji ya mto ni chumba kilichofungwa mlango. Mto hukatika kwa urefu, na hukatika pia kwa upana, ukatengana na mabonde yake.

Yupo atakayenipinga akisema kwamba hata Muumba aliweka kuta mitoni. Hilo ni kweli, nami nalikubali kwa furaha kwa sababu lina funzo zuri. Maporomoko ya Murchison katika Mto Naili yalimzuia mbuta asifike Ziwa Victoria kwa maelfu ya miaka, na nyuma ya ukuta huo zikachipuka mamia ya aina za samaki wadogo ambao hawakuwa na adui wa namna hiyo. Binadamu ndiye aliyemvusha mbuta ukuta huo, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za samaki hao zilikuwa zimetoweka. Vilevile, ngege wa asili aliyekaribia kumalizika ziwani amesalimika katika Ziwa Kanyaboli, kwa kuwa kinamasi cha Yala na matete yake kimesimama kati yake na mbuta.

Je, basi kuta ni njema? Tofauti ni ya wakati na ya akili. Ukuta wa asili ulikuwapo kabla ya samaki, nao wakaumbika kwa kuufuata. Ukuta wetu huwajia samaki ambao miili yao imeumbwa kwa safari, na huwataka wabadilike kwa msimu mmoja. Kinaya ni kwamba sisi tumefaulu kufanya makosa yote mawili: tumefungua mahali ambapo asili ilifunga, tukafunga mahali ambapo asili ilifungua. Mwaka wa 1862 msafiri Mwingereza John Speke alifika pale Naili inapotoka Ziwa Victoria, akaandika kuhusu maelfu ya samaki waliokuwa wakiruka kuyapanda maporomoko. Maporomoko hayo yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, kukamilika karibu na Jinja mwaka wa 1954. Leo mwalimu wa Jinja hana mahali pa kuwapeleka wanafunzi wake wakaone samaki wakiruka pale; anaweza tu kuwasomea kitabuni.

Janga hili si la Afrika Mashariki peke yake. Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilikadiria kwamba makundi ya samaki wahamao wa maji baridi yanayofuatiliwa duniani yalipungua kwa wastani wa asilimia 81 kati ya mwaka wa 1970 na 2020. Uvuvi wa kupita kiasi una sehemu yake, uchafuzi nao una sehemu yake, lakini uharibifu wa makazi, pamoja na kukatwa kwa mito, umo katika sababu kuu. Huko Ulaya, watafiti waliohesabu vizuizi vya mito katika nchi 36 walitangaza mwaka wa 2020 kwamba vipo visivyopungua milioni 1.2. La kushangaza zaidi ni kwamba zaidi ya theluthi mbili ya vizuizi hivyo havifiki kimo cha mita 2. Si mabwawa makubwa ya kuzinduliwa kwa hotuba na ngoma. Ni vizingiti vidogo, malango ya mifereji, na kalvati za barabarani.

Na hapa ndipo jambo hili linapotufikia sote nyumbani. Kila kaunti ina barabara zinazovuka vijito kwa kalvati, yale mabomba makubwa ya saruji. Fundi aliyelilaza bomba juu kidogo ya usawa wa maji hakufikiri kwamba mvua za miaka michache zitachimba shimo mbele yake, hata maji yawe yanadondoka kama kutoka bombani. Kimo cha magoti ya mtoto kinatosha kumrudisha samaki mdogo asiyejua kuruka. Yamkini vijito vingi vimefungwa kwa namna hiyo, bila nia mbaya na bila mtu kujua. Kulilaza bomba lile chini ya usawa wa kijito, ili changarawe na maji vipite ndani yake, hakuhitaji mkopo wa kutoka ng'ambo. Kunahitaji fundi aliyekumbushwa.

Kuhusu mabwawa makubwa, wapo watakaosema dawa ni ngazi za samaki, yaani vidimbwi vilivyopangwa kama vidato kando ya ukuta. Ni dawa, ila si ya kila mgonjwa. Ngazi nyingi za namna hiyo zilibuniwa kwa ajili ya samoni wa Ulaya na Marekani, samaki anayeruka kwa nguvu nyingi. Thailand ilijenga ngazi katika bwawa la Pak Mun, lililokamilika mwaka wa 1994, na samaki wengi wa mto ule wakashindwa kuitumia. Wavuvi waliandamana kwa miaka mingi. Mwaka wa 2001 malango ya bwawa yalifunguliwa kwa mwaka mmoja, na aina nyingi za samaki zikaonekana tena huko juu. Funzo ni kwamba mlango lazima umfae apitaye. Mkunga mchanga anaweza kusaidiwa na mteremko mwembamba wenye brashi na maji kidogo yanayotiririka. Ningu na fwani wanahitaji kitu kingine, na kitu hicho hatutakijua bila kuwachunguza ningu na fwani wenyewe. Watafiti wa Uganda wamefaulu kumzalisha ningu kwa mikono ya binadamu, nao wanastahili pongezi. Lakini kifaranga aliyezalishwa hivyo naye atahitaji mto ulio wazi siku atakapoachiliwa.

Tena ipo dawa ambayo wengi huiona ya wazimu: kuubomoa ukuta uliokwisha kazi. Katika Mto Klamath, huko Marekani, mabwawa manne yalibomolewa kati ya mwaka wa 2023 na 2024, baada ya wenyeji asilia wa bonde lile, wakiwamo Wayurok, kupigania jambo hilo kwa miaka mingi. Ukuta wa mwisho haukuwa umemaliza hata miezi michache tangu uondolewe, samoni walionekana wakipita hadi Oregon, mahali ambapo hawakuwa wamefika kwa zaidi ya miaka 100. Samaki hakuwa ameisahau njia. Alikuwa akingoja ifunguliwe. Sipendekezi tuibomoe Masinga. Napendekeza kila kizingiti kilichojaa udongo na ambacho hakimnufaishi mtu yeyote kiorodheshwe, na jamii ya hapo iulizwe kama bado inakihitaji.

Sheria si haba. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza. Sheria ya maji ya mwaka wa 2016 inataka kiasi fulani cha maji kiachwe mtoni, kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa kulinda viumbe vya majini. Maneno hayo ni mazuri. Ninachotaka mimi ni kwamba kila ripoti ya athari ijibu maswali matatu kwa lugha ambayo mvuvi ataielewa: ni samaki gani wanaopita hapa? Hupita mwezi gani? Nanyi mtawapitishaje? Ripoti isiyojibu maswali hayo irudishwe kwa mwenyewe, kama tunavyomrudishia mwanafunzi daftari lenye kazi nusu.

Nanyi walimu wenzangu, msingoje mtaala mpya. Karibu na shule nyingi kipo kijito. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache na salama, wapelekeni wanafunzi kwenye kalvati iliyo jirani wakapime kwa rula: maji yanadondoka kutoka kimo gani? Wahesabu samaki waliopo juu ya barabara na waliopo chini yake. Jioni wawaulize babu na bibi zao: zamani mlivua samaki gani hapa, na mliwaitaje? Majina hayo yaandikwe, maana samaki akipotea jina lake humfuata. Baada ya misimu miwili mitatu, shule itakuwa na daftari la kumpelekea chifu, afisa wa uvuvi na mhandisi wa barabara. Kazi hiyo ni hesabu, ni sayansi, ni jiografia na ni lugha kwa pamoja. Na mwanafunzi aliyepima kalvati leo ndiye mhandisi atakayechora bwawa kesho.

Wahenga walituachia methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba, hapana methali iliyo bora kuliko hiyo. Lakini mto si nyumba, na mhandisi asiichukue methali ya nyumbani akaenda nayo mtoni. Huko kanuni inageuka. Kuta tumekwisha kuzijenga, na nyingine zinakuja, kwa kuwa watu wana kiu na wanahitaji mwanga. Basi tuzijenge kwa adabu ya mtu anayejua kwamba njia ile ilikuwa na wenyewe kabla yake. Anayejenga ukuta mtoni, na aache ufa.